Programu Huria Ni Bure, Lakini Zina Masharti

Vijana wanaounda mifumo ya kompyuta kwa ajili ya maduka, shule na vyama vya akiba na mikopo hawaandiki kila kitu upya. Hutumia maktaba za programu, yaani sehemu za msimbo zilizoandikwa na wengine na kuwekwa kwenye intaneti ili zitumike bila malipo.

Hata hivyo, maktaba ya bure si mali isiyo na mwenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, programu ya kompyuta hulindwa nchini Kenya kama kazi ya uandishi. Leseni ndiyo humpa mtu ruhusa ya kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, mradi afuate masharti. Leseni zinazotumika sana ni za aina tatu.

Masharti mepesi: MIT, BSD na Apache. Maktaba inaweza kutiwa hata ndani ya programu ya kuuzwa ambayo msimbo wake ni siri. Sharti kuu ni kutoondoa tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni. DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo Kenya hutumia kukusanya takwimu za afya, hutolewa kwa leseni ya BSD.

LGPL. Programu yenye msimbo wa siri inaweza kutumia maktaba hii. Lakini anayeisambaza akiwa ameibadilisha maktaba hana budi kutoa msimbo wa maktaba hiyo, na kumwezesha mnunuzi kuweka toleo lake jingine.

GPL, iliyoanza mwaka 1989. Anayeunganisha maktaba hii na programu yake kisha kumuuzia mtu, lazima ampe pia msimbo wote wa programu hiyo kwa leseni iyo hiyo. Kuuza hakukatazwi, kinachokatazwa ni kumnyima mnunuzi msimbo. Anayeitumia mwenyewe bila kuisambaza hana wajibu huo.

Mwaka 2008, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua kuwa masharti ya leseni kama hizi yanaweza kutetewa kwa sheria ya hakimiliki, hata kama programu ilitolewa bure. Kesi hiyo ilihusu msimbo uliochukuliwa bila kutaja walioutunga.

Waundaji wa mifumo wanashauriwa kuweka orodha ya kila maktaba wanayotumia na leseni yake. Vikundi na wafanyabiashara nao waombe orodha hiyo kabla ya kulipa, na mkataba useme wazi nani atakabidhiwa msimbo. Fundi akihama au akiacha kazi, mwenye msimbo na ruhusa ya kuubadilisha anaweza kumwita fundi mwingine aendelee. Asiye navyo huenda akalazimika kununua mfumo mpya.

Maswali kuhusu hakimiliki yanaweza kuelekezwa kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO).