Sura ya Sita: Kukandwa Hakutoshi

Mtu akipatwa na kiharusi na kupooza upande mmoja, ndugu wengi humtafutia mkandaji mara tu anapotoka hospitali. Maji yanachemshwa, mafuta ya nazi yanaletwa, na mkono uliolegea unakandwa asubuhi na jioni. Kukanda kuna faraja yake, mradi maji yasiwe ya moto sana, kwani upande uliopooza huenda hauhisi, na ngozi ikaungua bila mgonjwa kujua. Lakini ugonjwa wenyewe hauko mkononi. Uko kwenye ubongo: mshipa wa damu umeziba au umepasuka, na sehemu iliyokuwa ikiuamrisha mkono imeharibika. Kazi ya fiziotherapia ni kuzifundisha sehemu zilizosalia zishike kazi hiyo, na ubongo haujifunzi kwa kufanyiwa. Hujifunza kwa kutenda na kurudia.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alieleza kwamba sehemu ya udhaifu wa mkono hutokana na mazoea. Mgonjwa hujaribu, hushindwa, huudharau mkono ule na kuutegemea mzima. Basi mkono mzima ukavishwa glavu nene muda mwingi wa mchana, kwa wiki mbili, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 222, ulionyesha kuwa waliotibiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma za kawaida. Njia hii huwafaa wale ambao kiganja na vidole vyao vimeanza kujongea walau kidogo.

Hata hivyo mazoezi yana dozi, kama dawa. Utafiti wa AVERT, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa 2,104, uligundua kwamba kumwinua mgonjwa mara nyingi na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yake ya kupona vizuri. Ndiyo maana siku za mwanzo mtaalamu huenda taratibu. Mgonjwa hugeuzwa kitandani mara kwa mara asipate vidonda, na mkono dhaifu huwekwa juu ya mto. Asivutwe kamwe kwa mkono huo: misuli ya bega imelegea, na mfupa unaweza kuteleza kutoka mahali pake.

Hali ikitulia, kazi huanza. Chukua zoezi la kuinuka kitini. Mgonjwa anakaa ukingoni mwa kiti kigumu, nyayo zote mbili chini, visigino vimerudi nyuma kidogo ya magoti. Anainama mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha anasukuma kwa miguu yote miwili. Mtaalamu hukaa upande dhaifu na kulizuia goti lisikunjike, kwa sababu mgonjwa akiachwa peke yake huinukia mguu mzima tu. Zoezi hurudiwa tena na tena, kila siku. Anayeweza kuinuka mwenyewe anaweza kwenda chooni mwenyewe, na heshima yake imerudi.

Vyuo kama KCMC mjini Moshi vimekuwa vikiandaa wataalamu wa fani hii kwa miongo mingi, lakini nje ya miji mikubwa bado ni wachache. Mgonjwa humwona mtaalamu kwa saa chache; saa nyingine zote yuko nyumbani. Huko ndiko huruma inakoharibu tiba. Mke anamlisha, mtoto anamfunga vifungo, mjukuu anamletea kila kitu mkononi, na ule mkono dhaifu haupati kazi hata moja mchana kutwa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mgonjwa nyumbani, omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Mwombe akuonyeshe mazoezi mawili au matatu, nawe uyafanye mbele yake mpaka aridhike. Mkandaji aendelee kuja ukipenda. Ila shati mgonjwa alivae mwenyewe, hata kama itamchukua nusu saa.