Chipu Inapozikwa Ndani ya Bodi

Jua likishatua Mutomo au Kibwezi, mabati ya paa huanza kualika: ta, ta, ta. Mchana kutwa yametanuka, sasa yananywea, na kila msumari unavutwa upande wake. Miaka ikipita, tundu za misumari hupanuka na paa likavuja, ingawa hakuna aliyelitupia hata jiwe.

Mchezo huohuo huchezwa kimyakimya ndani ya kisanduku cha kontrola ya pampu, kilichofungwa kwenye nguzo kando ya kisima. Katika kaunti za Kitui na Makueni, visima vingi vilivyokuwa vikilishwa dizeli sasa vinavuta maji kwa sola. Paneli hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, lakini pampu nyingi za visima virefu hutaka mkondo geu. Kazi ya kuugeuza hufanywa na semikondakta za nguvu, vipande vya silikoni vyembamba kuliko laini ya simu, vinavyowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila vinapowashwa na kuzimwa, umeme kidogo hupotea na kuwa joto. Kidogo? Kontrola inayopokea kilowati 5.5 na kupoteza asilimia 3 tu hubaki na wati 165 za kutoa nje, karibu sawa na balbu tatu za zamani zilizofungiwa ndani ya kisanduku, na nje kwenyewe joto limepita nyuzi 30.

Kila kipande hicho, yaani chipu, huunganishwa na sehemu nyingine kwa vijiwaya vya alumini. Alumini hutanuka karibu mara tisa kuliko silikoni kwa joto lilelile. Wingu likipita, pampu hupunguza mwendo na chipu hupoa; jua likitoka tena, huchemka. Siku ya mawingu-mawingu inaweza kuwa na mizunguko kadhaa ya namna hiyo. Ufa huanzia chini ya mguu wa kijiwaya, ukatambaa, hadi siku moja kijiwaya kinang'oka. Vijiwaya vilivyosalia hubebeshwa mzigo wa mwenzao, navyo havikawii kufuata. Pale kisimani watu huona tu foleni ya mitungi na punda.

Tiba moja ni kuviondoa kabisa vijiwaya. Badala ya kuwekwa juu ya bodi ya saketi, chipu huzikwa katikati ya matabaka yake. Hulazwa juu ya shaba, hufunikwa kwa resini na nyuzi za kioo, kisha vyote hubanwa kwa joto na shinikizo. Leza hutoboa vitundu vidogo mno hadi kwenye uso wa chipu, navyo hujazwa shaba. Pale palipokuwa na nyaya chache zilizopinda kama daraja, sasa pana nguzo nyingi fupi za shaba zilizoshikwa kila upande. Joto nalo hupata njia mbili, juu na chini, na umeme husafiri masafa mafupi zaidi.

Lakini tatizo huhamia kwenye kitanda cha chipu, yaani bodi yenyewe. Resini ya bodi za kawaida, zile ziitwazo FR-4, huanza kulegea kwenye nyuzi 130 au 140, ilhali chipu za silikoni kabidi, aina nyingine ya semikondakta za nguvu, huweza kufanya kazi kwenye nyuzi 175. Ikilegea hutanuka kwa unene na kuvuta zile nguzo za shaba. Ndiyo maana kazi hii hudai bodi zinazostahimili joto: resini za kiwango cha juu zinazovumilia nyuzi 170 na zaidi, au poliimidi, ambayo hupita 250. Hata hivyo resini yoyote ni kizuizi kwa joto. Shaba hulipitisha zaidi ya mara elfu moja kuliko FR-4. Bodi nzuri hapa ni ile yenye shaba nene.

Kuzika chipu si ndoto ya maabara. Mwaka 2023 kampuni mbili za Ujerumani, Infineon na Schweizer, zilitangaza kushirikiana kuzika chipu za silikoni kabidi za volti 1200 ndani ya bodi, zikilenga magari ya umeme. Kenya ina Gearbox Europlacer jijini Nairobi, inayopachika vipuri juu ya bodi, na kampuni ya semikondakta, Semiconductor Technologies Limited, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri. Lakini kuzika chipu ni kazi ya kiwanda cha namna nyingine, chenye mashine za kubana matabaka, leza na matangi ya kupakia shaba.

Lakini fundi wa Wote au Mwingi ana neno lake. Leo transista, yaani chipu ya nguvu, ikiungua, huing'oa kwa chuma cha kulehemu na kuweka nyingine. Iliyozikwa haing'oki; ikifa, bodi nzima hutupwa. Kwa gari linalorudi gereji yenye vipuri, hilo linavumilika. Kwa kisima cha Ikutha, kungoja bodi kutoka ng'ambo ni kiu ya wiki nyingi, na uimara peke yake haulipi deni hilo.

Basi kamati ya maji inayonunua kontrola imuulize muuzaji, kabla ya kutia sahihi: sehemu ya nguvu hubadilishwa peke yake, au pamoja na bodi yote? Na bodi ya akiba iko wapi? Kisha kisanduku kifungwe upande wenye kivuli, na mapezi yake ya alumini yafutwe vumbi na kuondolewa viota vya nyigu.