Hulka, Hisia na Mafunzo ya Uongozi: Tukitazama Katumba na Mishamo

Yapo mafunzo ya uongozi yanayomfundisha mtu kutunza daftari la fedha na kuandika kumbukumbu za mkutano, kisha yakamwacha vile vile alivyokuja. Jambo hili twaweza kulitazama Mpanda, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi.

Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Kazi iliendeshwa na pande tatu: Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni. Mwaka 1985 Mishamo ilikabidhiwa Serikali. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti huko wakati huo, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi wenyeji wa makazi hayo walivyoisimulia tena na tena habari ya yaliyowapata.

Sasa tumfikirie mwenyekiti wa kijiji mahali kama hapo. Anaita mkutano juu ya mchango wa pampu ya maji. Mzee mmoja anasimama na kuuliza kwa ukali fedha za mwaka jana zilikwenda wapi. Mwenyekiti mwenye harara atasikia tusi, naye atamkatiza. Aliye mpole kupita kiasi atanyamaza, na hesabu haitasomwa. Aliyejifunza kutambua hisia atasikia hofu ya mtu aliyewahi kupoteza kila kitu, naye atafungua daftari.

Uwezo huo wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliueleza mwaka 1990 kwa jina la akili ya hisia: kutambua hisia zetu na za wenzetu, kuzipambanua, na kuziongoza katika kufikiri na kutenda. Daniel Goleman aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1995, kwa ahadi kubwa (twaona sisi) kuliko ushahidi. Maana hulka hubadilika polepole. Semina ya siku tano haimgeuzi mkimya kuwa msemaji. Lakini kusikiliza hadi mwisho, na kungoja kabla ya kujibu, ni mazoea, na mazoea hufundishika.

Kwa hiyo twapendekeza mkufunzi asianze na hesabu. Siku ya kwanza wanafunzi waigize mkutano, mmoja akiwa mwenyekiti na wengine wakimwuliza maswali machungu. Daftari lije siku ya pili, likiwa jibu la swali lililokwisha kuulizwa.