Kabla ya kumkaba mtoto kwa uji, pima hamu yake ya kula

Mwanza. Kilio hicho majirani wanakifahamu. Mtoto amelazwa mapajani, miguu imebanwa, pua imezibwa na uji unamiminwa mdomoni. Mama akiulizwa, atasema huyu bila kushikwa hali.

Hofu yake ina msingi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kadi ya kliniki ikionyesha uzito umeshuka, mzazi gani atatulia? Tatizo ni kwamba mizani inapima kilo tu, haisemi kwa nini bakuli limerudi limejaa.

Swali hilo ndilo lililomshughulisha mwanasaikolojia Jane Wardle na wenzake wa chuo cha UCL, London. Mwaka 2001 walichapisha dodoso la maswali 35 ambalo mzazi hujibu kwa kuchagua, kuanzia “kamwe” hadi “kila mara”. Linatenganisha mambo ambayo sisi huyaita yote “deko”: mtoto anayeshiba mapema, anayekula polepole, anayechagua chakula, anayepoteza hamu akiwa na huzuni. Lipo pia kundi la watoto wanaopenda sana vinywaji. Huyu wa mwisho tunamjua. Amekunywa juisi saa tano, saa saba ugali haupiti.

Utafiti wa pacha nchini Uingereza umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizi ni ya kurithi. Kwa hiyo mtoto wa jirani kumaliza bakuli si ushahidi kwamba wako ana kiburi.

Hata hivyo, dodoso hilo lilitungwa kwa familia ambazo kila mtoto ana sahani yake. Linauliza iwapo mtoto huacha chakula kwenye sahani mlo unapoisha. Sasa jibu hilo kwenye nyumba ambayo watoto watano wanazunguka sinia moja la ugali na dagaa! Aliyechelewa kutafuna hajaacha kitu, kaka zake wamemaliza. Mtoto mdogo akipakuliwa kwenye bakuli lake, mzazi ataona amekula kiasi gani. Binafsi naona hilo tu lingetuliza ugomvi katika nyumba nyingi.

Jingine ni la ziwani. Dodoso linapima tabia, halitambui ugonjwa. Malaria, minyoo na upungufu wa damu vyote huua hamu ya kula, na kando ya Ziwa Victoria kuna kichocho cha tumbo, ambacho mtoto huweza kukipata hata kwa kuogeshwa ziwani. Mtoto aliyekuwa anakula vizuri akaacha ghafla, au anayelalamika tumbo na kuharisha damu, apelekwe zahanati kwanza. Tabia itachunguzwa baadaye.

Akionekana hana ugonjwa, mtazame kwa wiki moja. Anakataa vyakula vyote au vipya tu? Anageuza uso baada ya vijiko vichache, kisha anaomba tena baada ya saa mbili? Huyo anashiba upesi, apewe kidogo mara nyingi, na uji uwe mzito wenye karanga au dagaa waliosagwa. Ameacha kula tangu alipopelekwa kwa bibi Ukerewe? Huenda anamkosa mama, na kiboko hakitamrudishia hamu.

Anayekataa chakula kipya, mwonjeshe kidogo bila kumlazimisha, umrudishie siku nyingine. Watafiti wameona watoto wengi huhitaji kuonja mara nane au kumi, wengine zaidi, kabla ya kukizoea. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

Kuhusu kuziba pua, hapo hakuna mjadala. Mtoto anayelia huku akimiminiwa uji anaweza kuuvuta ukaingia kwenye mapafu. Akikohoa sana au kupumua kwa shida baada ya kulishwa, usisubiri kesho, mkimbize hospitali.