Mashine za wembe za kale: Hazina inayouzwa kwa kilo Bwera

WASWAHILI husema mtoto akililia wembe, mpe. Husema pia kwamba mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Wembe wa methali hizo ni kile kipande cha chuma kilichofuliwa na mhunzi na kunolewa juu ya jiwe. Huu tunaoununua dukani leo, mwembamba kama karatasi na wenye makali pande mbili, ulikuja baadaye sana. Nao haukuja peke yake. Ulikuja na mashine ya kunyolea, ambayo vijana wengi wa leo hawaijui.

Hapa Kyondo, wilayani Kasese, mashine hizo bado zimo majumbani. Zimo kwenye makopo ya misumari, kwenye masanduku ya marehemu na juu ya dari za jikoni. Ukiteremka hadi Bwera na Mpondwe utazikuta ndani ya magunia ya wanunuzi wa vyuma chakavu, zikisubiri kupimwa kwa kilo pamoja na koki za maji, vitasa na mabomba. Zikishapimwa huenda kuyeyushwa, na habari yake huishia hapo.

Nimekuwa nikizikusanya kwa miaka kadhaa, na sasa ninazo 23. Naandika kwa ajili ya makundi mawili ya wasomaji: ninyi mliorudi nyumbani kutoka uhamishoni, na ninyi mnaovuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi na mizigo. Ninyi ndio mnaozishika kabla ya mtu mwingine yeyote.

Zilikotoka

Aliyebuni mashine hii ni Mmarekani aliyeitwa King Camp Gillette, mfanyabiashara msafiri aliyezaliwa mwaka 1855. Wazo lilimjia mwaka 1895: kutengeneza wembe mwembamba na wa bei nafuu, ambao mtu atautumia kisha autupe badala ya kuunoa kila asubuhi. Mafundi wa chuma walimwambia haiwezekani, kwa kuwa chuma chembamba kiasi hicho hakikubali makali. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyepata njia ya kukikaza na kukinoa bila kupinda.

Kampuni iliundwa mwaka 1901 na mauzo yakaanza mwaka 1903. Mwaka huo wote ziliuzwa mashine 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilizouzwa zilipita 90,000, na Novemba 1904 Gillette akapata hati ya kulinda uvumbuzi wake. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Marekani ilipoingia vitani, serikali yake iliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari, pamoja na nyembe zaidi ya milioni 30. Askari waliporudi makwao walikuwa wamezoea kujinyoa wenyewe kila siku.

Kuna jambo moja ambalo kila mchuuzi wa nyembe angependa kulijua. Ukiuangalia wembe wa leo, utaona ufa mrefu katikati na pembe zilizokatwa. Umbo hilo limetokana na ugomvi wa kibiashara. Hati ya kwanza ya Gillette ilikwisha muda wake mwaka 1921. Baadaye mshindani wake, Henry Gaisman, akatengeneza wembe wenye matundu yake mwenyewe. Ugomvi huo uliisha mwaka 1930 kwa kampuni hizo mbili kuungana, na wembe uliotoka baada ya hapo ndio mzazi wa huu wetu. Una urefu wa milimita 43, upana wa milimita 22 na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kwa sababu ya kipimo hicho, mashine iliyotengenezwa zaidi ya miaka 100 iliyopita inapokea wembe ulionunuliwa leo asubuhi katika duka la Bwera. Sijui kifaa kingine cha nyumbani cha umri huo ambacho bado kinapata vipuri kila kijiji. Jina la mwenye kampuni nalo lilienea hadi likawa jina la kitu chenyewe. Wanaozungumza Kilingala ng'ambo ya mpaka huuita wembe zileti.

Zilivyofika Rwenzori

Wazee wa hapa wana maelezo mbalimbali. Wengine husema mashine ya kwanza nyumbani kwao ilirudi na askari wa KAR, wale waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Wengine hutaja misheni, na wengine maduka ya Wahindi yaliyokuwepo hadi Idi Amin alipowafukuza mwaka 1972.

Lakini ukitaka chanzo kikubwa zaidi, angalia Kilembe. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo uchimbaji wa shaba ukaanza kwa nguvu. Wachimbaji walikuwa na mshahara wa kila mwezi, na mwenye mshahara hununua vitu. Kampuni ya Falconbridge ya Canada ndiyo iliyokuwa na hisa nyingi za mgodi huo hadi miaka ya 1970, hivyo mji ule mdogo uliishi na wahandisi kutoka mbali.

Hilo lilinisaidia kutegua kitendawili. Mashine nyingi ninazozipata huku zimeandikwa "Made in England", na hilo halishangazi, kwani tulitawaliwa na Waingereza na Gillette ilikuwa na kiwanda kikubwa London magharibi tangu mwaka 1937. Siku moja mama mmoja anayenunua vyuma Bwera alinionyesha iliyoandikwa "Made in Canada". Alikuwa ameipata katika shehena iliyotoka upande wa Kilembe. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa ya mhandisi wa mgodini, ila sioni njia nyingine nyepesi ya mashine ya Canada kufika chini ya milima hii.

Mafuriko ya Mto Nyamwamba ya Mei 2013, na yale ya Mei 2020, yalibomoa nyumba nyingi bondeni humo. Vyombo vya miaka 50 vilitapakaa kwenye tope na kuokotwa kama chakavu. Kila gunia lililoyeyushwa lilipunguza ushahidi wa jinsi watu walivyoishi pale.

Namna ya kuzilinganisha

Kwanza soma maandishi. Yako chini ya kichwa, mahali wembe unapolalia, na mara nyingi yamefunikwa na sabuni iliyoganda. Sugua kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu. Katika mashine za Gillette zilizotengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1950 utakuta herufi na tarakimu. Herufi ni mwaka na tarakimu ni robo ya mwaka. A ni 1955, B ni 1956, na kuendelea. Kwa hiyo F2 ni robo ya pili ya mwaka 1960.

Pili, angalia umbo. Ya kale zaidi ina vipande vitatu, na kichwa chake kina meno kama kitana pande zote mbili. Aina ya Tech, iliyoanza mwaka 1938, nayo ina vipande vitatu lakini haina meno. Pembeni ina ukingo mnene. Hiyo ndiyo inayopatikana zaidi huku kwetu. Kuanzia mwaka 1934 kulikuwa pia na zile za kusokota kitako ili kichwa kifunguke kama mbawa za kipepeo. Mwaka 1958 ikatoka yenye tarakimu 1 hadi 9 shingoni, ambayo mtu huongeza au kupunguza ukali apendavyo. Mpini wake ni mnene na uzito wake unakaribia gramu 80. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huitafuta sana.

Tatu, pima hali yake. Nachukua sumaku. Shaba haivutwi, chuma huvutwa. Mashine nyingi za zamani ni za shaba iliyopakwa nikeli, na chache zilipakwa dhahabu. Kisha naukagua mpini kwenye mwanga, maana mipini ya bomba jembamba hupasuka ufa mdogo kama unywele. Mwisho natia wembe na kuangalia makali pande zote mbili. Yakichomoza zaidi upande mmoja, kichwa kimepinda na bei hushuka.

Kuhusu kunyoa kwenyewe, nazungumzia kidevu changu tu. Tech ni mpole na humfaa anayejifunza. Yenye meno inataka mkono mwepesi. Yenye tarakimu naiweka kwenye 5 na sijaona sababu ya kupanda. Sisi wenye ndevu za kujikunja tuna faida ya pekee hapa. Zile mashine za plastiki zenye nyembe tatu au nne huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, halafu unywele ukijikunja hutoboa ngozi na kuleta vipele. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi, na vipele hupungua.

Tahadhari ya damu

Hapa sitanii. Uganda ilijifunza kwa machozi habari ya kushirikiana wembe. Baada ya mpango wa kudhibiti UKIMWI kuanzishwa mwaka 1986, kila mtoto wa shule alifundishwa kwamba wembe ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi katika damu iliyokauka kwa angalau siku saba. Na Bwera haijasahau Juni 2019, Ebola ilipovuka mpaka na wagonjwa kulazwa katika hospitali yetu.

Kwa hiyo mashine ya chakavu usiiguse kwa mkono mtupu, na usiifungue kwa pupa, kwani huenda wembe wa zamani bado umo ndani. Vaa glavu. Wembe uliotoka humo utie ndani ya kopo lenye kifuniko, wala usiutupe jalalani wanakocheza watoto. Osha vipande vyote kwa sabuni na maji ya moto, kisha loweka kwenye spiriti. Dawa ya kung'arishia nguo usiitumie, inakula nikeli. Steelwool nayo itakwangua dhahabu yote. Na hata baada ya kuisafisha, mashine moja iwe na mtumiaji mmoja.

Bei ya haki

Sasa nije kwenye jambo linalonikereketa. Mwenye chakavu anajua bei ya shaba kwa kilo. Mimi najua maana ya F2. Mkulima aliyeleta mashine ya marehemu babake ili apate karo ya mtoto hajui lolote kati ya hayo. Tunapokutana watu watatu wa namna hiyo, ni rahisi sana mmoja wetu kuondoka akicheka na mwingine akiwa ameibiwa bila kujua.

Nimejiwekea kanuni. Kabla sijataja bei, namwonyesha mwenye mali maandishi, namweleza ni ya lini na ya wapi, na kwamba wapo wanaoweza kumpa zaidi yangu. Akisema bado anauza, tunapatana. Baadhi hughairi na kurudi nayo nyumbani. Nimepoteza mashine nzuri mbili kwa njia hiyo, moja ya dhahabu ikiwa ndani ya kisanduku chake, na sijutii. Nawaomba wafanyabiashara wa mpakani wafikirie kanuni hiyo. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na mizigo inapita kwa wingi. Sifa ya mfanyabiashara nayo inavuka pamoja na mzigo wake.

Kwa waliorudi nyumbani nina neno jingine. Mimi nilisoma uhamishoni, ng'ambo ya pili, nchi ile ikiitwa Zaire. Anayekimbia hachagui mengi. Ng'ombe hubaki, milango hubaki, vitabu hubaki. Huondoka na kile kinachoingia mfukoni. Mashine ya kunyolea huingia mfukoni. Ndiyo maana katika familia nyingi, iwe walikimbia vita vya Rwenzururu au shambulio la ADF la Novemba 1996 pale Mpondwe, kitu pekee kilichosalia cha babu ni mashine yake. Nimeonyeshwa moja iliyovuka mpaka mara nne, ikakaa miaka ya magendo ambapo wembe mmoja ulinolewa ndani ya bilauri hadi ukaisha.

Kitu kama hicho kina bei mbili. Ya kwanza ni ya shaba, na mizani ya Bwera itakuambia. Ya pili haipo kwenye mizani. Aliyenyolewa nayo asubuhi ya harusi yake ni nani? Aliibeba kutoka wapi hadi wapi? Ukitaka kuuza, uza, shida hazina adabu. Ila kabla ya kuuza, mwite mzee wa nyumba umuulize, uandike majibu yake kwenye karatasi, na karatasi hiyo uifunge pamoja na mashine. Mimi hununua kwa bei ya juu zaidi ile iliyokuja na karatasi, na hata nisiponunua, watoto wako watakuwa wameisoma.