Afya: Ubongo uleule, vipimo tofauti. Namna watafiti wanaepuka kuchukua kosa la mashini kuwa ugonjwa

Mutu akipimwa ubongo kwa mashini ya IRM leo, kisha kesho apimwe katika hospitali ingine, picha hizo mbili zinaweza kutoa vipimo tofauti, hata kama ndani ya kichwa hakuna kitu kimebadilika. Kwa munganga anayetafuta uvimbe mukubwa, tofauti hiyo haisumbui sana. Kwa watafiti wanaotafuta dalili za kwanza za ugonjwa, ni shida kubwa.

Ganda la inje la ubongo lina unene wa karibu milimita 2,5. Ugonjwa wa Alzheimer, wenye kufanya wazee wapoteze kumbukumbu, unalipunguza polepole, kwa sehemu ndogo ya milimita. Lakini nguvu ya sumaku (tesla 1,5 ao 3), kiwanda kilichotengeneza mashini, hata programu mupya iliyowekwa ndani yake, vinaweza kugeuza kipimo pia. Wachimbaji wa zahabu wanajua hali hiyo: kipande kilekile, kwa mizani mbili, kinaweza kutoa uzito mbili.

Hata hivyo, hospitali moja haipate watu wa kutosha kwa utafiti mukubwa. Katika Marekani, utafiti unaoitwa ABCD, wenye kufuata watoto zaidi ya 11.800 tangu wakiwa na miaka 9 ao 10, unatumia vituo 21 na mashini za viwanda vitatu: Siemens, GE na Philips.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kusawazisha mbele ya kupima. Utafiti wa ADNI juu ya Alzheimer, ulioanza mwaka 2004 Marekani na Kanada, uliwekea vituo vyote kanuni moja ya kupiga picha. Tena, mashini zilipimishwa mupira wa plastiki ambao vipimo vyake vinajulikana. Kama picha inaonyesha mupira umerefuka, kosa ni la mashini.

Njia ya pili ni kusafirisha watu. Katika utafiti mumoja wa Japani uliotangazwa mwaka 2019, watu 9 wenye afya walipimwa katika vituo 12. Vichwa ni vilevile, kwa hiyo tofauti kati ya vituo inaonyesha mashini. Ni njia nzuri, lakini inakula pesa na wakati.

Njia ya tatu ni hesabu. Ile yenye kujulikana sana, ComBat, ilitengenezwa mwaka 2007 kwa ajili ya uchunguzi wa jeni. Kuanzia 2017, Jean-Philippe Fortin na wenzake wa Chuo kikuu cha Pennsylvania waliileta kwenye picha za ubongo. Inakadiria kila kituo kinapandisha ao kushusha vipimo kwa kiasi gani, kisha inaondoa sehemu hiyo, huku ikichunga tofauti zenye kutokana na umri ao ugonjwa.

Pale hesabu inashindwa

Tuseme wagonjwa wote walipimwa katika hospitali moja, na wazima wote katika ingine. Hapo hakuna hesabu yenye kuweza kutenganisha mashini na ugonjwa. Ukifuta tofauti ya mashini, unafuta ugonjwa pamoja nayo. Ukiiacha, unaweza kuita mashini ugonjwa. Dawa yake ni mupango wa mwanzo: kila kituo kipime wagonjwa na wazima pia.

Jambo hilo linagusa hata eneo letu. Mwaka 2022, IRM ndogo yenye nguvu ya karibu tesla 0,05 iliunganishwa Mbarara, katika inchi jirani ya Uganda, pamoja na watafiti wa Uholanzi na Marekani, kwa kufikiria zaidi watoto wenye maji kichwani. Sumaku yake ni dhaifu karibu mara 60 kuliko ile ya tesla 3, lakini bei yake ni ndogo sana. Picha zake haziwezi kuwekwa moja kwa moja kando ya zile za Ulaya ao Marekani. Bila kusawazisha, mutoto muzima anaweza kuonekana mugonjwa, ao mugonjwa akarudishwa nyumbani.

Kwa hiyo, mbele ya kuamini takwimu yoyote juu ya ubongo, kuna maswali mawili ya kuuliza: ilipimwa na mashini gani? Na wale waliolinganishwa nao, walipimwa wapi?