Tasnifu Haishonwi kwa "Aidha"

Wanaosoma tasnifu zetu kwa mbali hupenda kusema kwamba wasomi hujirudiarudia. Lawama hiyo hainipendezi. Wanachokiita kujirudia ni mila ya kuandika, na kila taaluma ina ya kwake.

Katika Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 baada ya pendekezo la Tume ya Mackay, watu wa tiba huanza na utangulizi, kisha mbinu, matokeo na mjadala. Kwao istilahi ikishateuliwa haibadilishwi hadi mwisho. Wanahistoria hufuata mfuatano wa wakati, wanasheria hurejea vifungu.

Sisi wa Kiswahili tumejaliwa ngeli. Wanaisimu Halliday na Hasan walipochambua mshikamano wa matini za Kiingereza mwaka 1976, lugha waliyoishughulikia haikuwa na hazina hii. Tazama: "Mtafiti aliuweka mswada kando ya kitabu, akaurudisha bila kukifungua." Hakuna nomino iliyorudiwa, wala msomaji hahitaji kuuliza ni kipi kilichorudishwa na ni kipi ambacho hakikufunguliwa. Kazi yote imefanywa na "u" na "ki". Ukiendelea na "huo" na "hicho", aya nzima hushikana bila gundi. Wasimamizi walionilea walisoma rasimu kwa sauti, wakatua kila kirejeshi kilipokosa mwenyewe.

Mila hiyo inatutoka. Mjini Eldoret tunasema "kitabu hiyo" na "mswada hiyo", na sokoni tunaelewana kwa sababu kitu chenyewe kiko mbele yetu. Kwenye karatasi hakuna cha kuonyesha kwa kidole. "Hiyo" moja ikibeba kila kitu, uzi umekatika. Ndipo mwanafunzi anapoziba pengo kwa "aidha", "vilevile" na "hata hivyo" mwanzoni mwa kila aya, hata pale ambapo hakuna kilichoongezwa wala kilichopingwa. Kiunganishi hakiwezi kupatanisha hoja zisizojuana.

Ndugu wasimamizi, kabla ya kuhesabu marejeleo na kupima pambizo, mketisheni mwanafunzi na mwulizeni kila "hiyo" yake inarejelea nini. Asiyeweza kujibu hajawa tayari kutetea tasnifu yake.